Walisema kimbunga kinakuja, mbona hakikuja?



Katika Injili ya Luka, sura ya 12, kuanzia mstari wa 54, Bwana anawaambia makutano kwamba wao ni hodari wa kusoma anga. Wakiona wingu linapanda magharibi husema mvua inakuja, na huja. Wakisikia upepo wa kusini husema leo kutakuwa na joto, na huwa. Kisha anawakemea kwa kuwa hawatambui majira waliyomo. Mahubiri mengi juu ya sehemu hii hukimbilia lile kemeo. Mimi leo naomba tukae kidogo na wingu. Bwana hakuwadharau wale watu kwa kujua kulisoma. Alichukulia kwamba mtu mzima mwenye akili timamu hutazama juu, hupima, kisha hutengeneza siku yake kwa kufuata alichokiona.

Nalisema hili kwa sababu kila masika yakikaribia, kuna sentensi mbili zinazosikika katika madaladala yetu, katika vijiwe vya kahawa, na, nasikitika kusema, hata katika mimbari zetu. Ya kwanza ni kwamba watu wa hali ya hewa ni waongo, husema hiki kikawa kile. Ya pili ni kwamba mambo ya mvua anayajua Mungu, kwa hiyo mwanadamu aache kujisumbua. Sentensi hizi zinaonekana kama zinapingana. Lakini mtazame anayezisema: wote wawili mwisho wao ni kubaki walipo wakati maji yanapanda. Na kuna mahali hapa nchini ambapo kubaki ulipo ni jambo la kufa na kupona.

Mohoro ni mji mdogo wa Wilaya ya Rufiji, mkoani Pwani, upande wa kusini wa delta, si mbali na barabara kuu iendayo Kilwa na Lindi. Mbele yake kuna mikoko, zaidi ya hekta 50,000 katika delta nzima, msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote wa Afrika Mashariki. Nyuma yake kuna mto unaokusanya maji ya sehemu kubwa ya nchi: Kilombero, Ruaha Mkuu, Luwegu. Mvua iliyonyesha Njombe, Iringa, Mbeya na Morogoro hatimaye hupita huku. Ndiyo maana mtu wa Mohoro anaweza kuamka asubuhi jua linawaka, hakuna hata wingu la kuazima, na maji yanaingia shambani. Lile wingu la Injili ya Luka, kwake, lilipanda wiki iliyopita mahali ambapo jicho lake halifiki. Yeye kuliko wengi wetu anahitaji mtu mwingine amtazamie.

Masika ya mwaka 2024 tunayakumbuka. Mwezi wa Aprili mto ulimwagika Rufiji na Kibiti, na kata ya Mohoro ikawa miongoni mwa zilizoumia sana. Mpunga na mahindi vikazama, nyumba zikaingia maji, watu wakatolewa kwa mitumbwi na boti. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima na kugusa watu zaidi ya 200,000. Maji hayajakauka vizuri, mwanzoni mwa Mei ikaja habari ya kimbunga Hidaya baharini. Tarehe 4 Mei kikaingia kisiwani Mafia, mkabala wa delta hiyo hiyo. Barabara ya kusini ikakatika eneo la Somanga, na watu wa Lindi na Mtwara wakawa kama wako kisiwani.

Katika siku zile palikuwa na mjadala mkali kuhusu Bwawa la Julius Nyerere, kama milango yake iliongeza maji au bwawa lenyewe lilipunguza makali. Sina nia ya kuufufua hapa. Nataka tuone jambo moja tu: tangu bwawa lilipoanza kujazwa maji Desemba 2022, utabiri wa mvua haumhusu mkulima peke yake. Unamhusu pia anayeshika milango ya bwawa, na uamuzi wake unashuka na mto hadi Mohoro. Basi ni vizuri tujue utabiri ni kitu gani.

Mwaka 1961, huko Massachusetts nchini Marekani, mtaalamu wa hali ya hewa aliyeitwa Edward Lorenz alikuwa na kompyuta kubwa kama meza, yenye kelele, nayo ilikuwa ikifanya mahesabu ya anga la kubuni. Anga lake lilikuwa jepesi, la milinganyo 12 tu. Siku moja alitaka kurudia sehemu ya hesabu aliyokwisha kuifanya, ili aitazame kwa kirefu zaidi. Hakuanza mwanzo kabisa. Alichukua tarakimu kutoka kwenye karatasi iliyochapwa na mashine, akaziingiza, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya kama saa moja, mashine ilikuwa imetabiri miezi miwili, na hali ya hewa ya safari hii haikufanana hata kidogo na ile ya kwanza. Alidhani mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ndani yake mashine ilishika 0.506127, lakini kwenye karatasi ilichapa 0.506, desimali tatu tu, kuokoa nafasi. Lorenz aliingiza ile fupi. Ile tofauti ndogo, ambayo hakuna kipimajoto cha sokoni kinachoweza kuiona, ilikuwa ikikua maradufu karibu kila siku nne, mpaka ikalimeza anga lote.

Alichapisha kazi yake mwaka 1963, na mwaka 1972 akatoa mhadhara mjini Washington akiuliza kama kipepeo akipiga mabawa Brazil anaweza kuleta kimbunga cha nchi kavu Texas. Wengi huyasimulia haya kana kwamba Lorenz alisema kipepeo ndiye mwenye kimbunga. Yeye aliuliza swali tu. Alichokionyesha ni hiki: hata kama kanuni za anga tunazijua zote, bila kujua hali ya mwanzo kwa usahihi kamili hatuwezi kuona mbali. Na usahihi kamili hatuna. Sisi hapa Afrika ndio hatuna zaidi, maana vituo vya kupima ni vichache na umbali kati ya kimoja na kingine ni mrefu. Juu ya bahari ya Hindi tunategemea satelaiti, maboya na meli zinazopita.

Sasa, mtu akijua kwamba hajui, afanye nini? Anaweza kunyamaza. Anaweza pia kujikaza na kusema neno moja kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo wengi wanaojiita manabii siku hizi. Wanasayansi walichagua njia ya tatu, nami naiona kuwa njia ya unyenyekevu. Tangu mwaka 1992, Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Masafa ya Kati, chenye makao yake Reading, Uingereza, hakiendeshi utabiri mmoja tu. Huchukua hali ya anga ya leo jinsi ilivyopimwa, kisha huitikisa kidogo kwa makusudi: hapa joto linaongezwa chembe, pale upepo unapunguzwa chembe, kwa kiasi kile kile ambacho vipimo vyenyewe vinaweza kuwa vimekosea. Wala hawatikisi ovyo. Hutafuta hasa zile sehemu za anga ambazo kosa dogo likiingia hukua haraka. Kisha kila hali iliyotikiswa hukimbizwa mbele na kompyuta hadi siku 15. Leo hukimbizwa mara 51: moja isiyotikiswa na 50 zilizotikiswa. Wamarekani nao wanafanya vivyo hivyo.

Zile 51 zikienda pamoja, mtabiri anaweza kusema kwa ujasiri. Zikitawanyika, hizi Mafia, zile Msumbiji, nyingine zikifia baharini, anajua kwamba leo anga lenyewe halijaamua, naye hana haki ya kuamua kwa niaba yake. Ndipo unapoona katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, maneno ambayo watu huyacheka: uwezekano wa kutokea wastani, kiwango cha athari wastani, mvua za wastani hadi juu ya wastani. Mcheshi mmoja kijiweni atasema hapo hawajasema kitu. Wamesema. Wamekueleza ni kiasi gani wanajua, na wamekataa kukuuzia wasichokijua. Natamani sisi wahubiri tungekuwa na adabu hiyo nusu yake.

Tuvitazame vimbunga vitatu vya karibuni. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kikija upande wa kusini mwa nchi yetu. Watu wa Mtwara na Lindi wakaambiwa wajihadhari, shughuli zikasimama. Tarehe 25 Aprili kikapiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, wakafa watu zaidi ya 40 nchini Msumbiji. Upande wetu wengi wakasema tumetishwa bure. Aprili 2021 kikaja Jobo. Pwani yote ikaonywa, Mafia na Dar es Salaam zikiwemo, na kabla ya kufika kikaishiwa nguvu. Kicheko kikawa kikubwa. Vichekesho vya Jobo vilizunguka kwenye simu kwa wiki nzima. Mei 2024 Hidaya kikaja kweli, kikaingia Mafia kama ilivyosemwa, na hata hicho kilipogusa nchi kavu kikapoteza nguvu upesi.

Msomaji anayeijua Biblia yake ataniletea Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, mstari wa 22: neno la nabii lisipotokea, basi si Bwana aliyelinena, usimwogope. Kipimo hicho ni kizuri na natamani kingetumika zaidi kwa wale wanaotuuzia tarehe za mwisho wa dunia. Lakini kwa mtabiri anayesema uwezekano ni tatu katika kumi, utampimaje kwa siku moja? Akisema hivyo mara 100, na mvua ikaja kama mara 30, amesema kweli, pamoja na zile mara 70 ambazo watu walirudi na miavuli mikavu. Ukitaka kumkamata mwongo huyu, itakubidi uweke daftari la miaka.

Tena Biblia hiyo hiyo inaye Yona. Yona alitangaza Ninawi itaangamizwa ndani ya siku 40. Haikuangamizwa. Nabii akakasirika, akaketi nje ya mji akisubiri, kana kwamba heshima yake ilikuwa na thamani kuliko watu wote wale. Nimekuwa nikijiuliza watu wa Ninawi walisema nini siku ya 41. Maandiko hayasemi kwamba walimcheka. Labda walikuwa na busara kuliko sisi na vichekesho vyetu vya Jobo.

Yuko pia Paulo ndani ya meli, Matendo ya Mitume sura ya 27. Aliwaonya mapema kwamba safari ile itakuwa na hasara ya mzigo, merikebu, hata roho zao. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye meli, watu wa kazi, ambao kwa macho ya kawaida walijua zaidi. Upepo ukawakamata. Katikati ya dhoruba Paulo akasimama na neno jipya: roho zitapona zote, merikebu tu ndiyo itakayopotea. Akawa amebadilisha utabiri wake kwa kuwa alikuwa amepata habari mpya usiku ule. Watu 276 wakafika nchi kavu. Hakuna aliyesimama ufukweni, amelowa na yu hai, akamwambia Paulo mbona mwanzo ulisema tutakufa.

Hapo nilipofika nimezungumzia siku na wiki. Kuna jambo refu zaidi, nalo ndilo linalowagusa watu wa Mohoro kwa ndani, kwa sababu wanaambiwa wahame. Wanaambiwa waache bonde wakajenge nchi ya juu, maana mafuriko yataongezeka. Je, kama wataalamu hawawezi kuona zaidi ya wiki mbili, wanawezaje kusema habari za miaka 30? Swali hili ni halali, na anayeliuliza asidharauliwe.

Jibu lilitafutwa kwa kutikisa vile vile. Katika kituo cha utafiti wa anga cha Boulder, Colorado, watafiti waliendesha modeli moja ya dunia mara 30, wakianzia mwaka 1920. Kila safari kila kitu kilikuwa sawa sawa: jua lile lile, hewa ya ukaa ile ile, bahari ile ile. Walibadilisha joto la hewa la siku ya kwanza tu, kwa kiasi ambacho ukikiandika ni nyuzi moja iliyogawanywa mara trilioni 100. Haionekani, haipimiki. Wakapata dunia 30. Katika hizo, ukitazama miaka 50 ya majira ya baridi ya Amerika Kaskazini, kuna dunia ambamo sehemu fulani zilipata joto sana, na kuna dunia ambamo sehemu hizo hizo zilipoa. Chembe ile ya siku ya kwanza ilitosha kubadilisha historia ya mahali kwa kizazi kizima. Lakini ukizikusanya zote 30 na kutafuta wastani, zinasema kitu kimoja: joto linapanda. Lile linalotokana na chembe ya mwanzo hufutana. Lile linalotokana na hewa tunayoichafua hubaki.

Oxford nao walifanya jaribio pana zaidi. Kuanzia mwaka 2003 waliwaomba watu wa kawaida waazimishe kompyuta zao za nyumbani, wakaendesha modeli maelfu ya mara, wakitikisa hali ya mwanzo na pia kanuni zenyewe za mawingu na mvua. Walitaka kujua dunia itapanda joto kiasi gani hewa ya ukaa ikiongezeka mara mbili. Matokeo yao ya mwaka 2005 yalitawanyika kutoka chini kidogo ya nyuzi 2 hadi zaidi ya nyuzi 11. Kufikia 2021, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi lilikuwa limepunguza mtawanyiko huo, likisema yaelekea ni kati ya nyuzi 2.5 na 4. Yaani wametumia miaka yao kujitilia shaka hadharani, na shaka hiyo ndiyo iliyowafikisha karibu zaidi.

Kwa upande wetu wa dunia, modeli nyingi zinasema mvua zitaongezeka. Wakati huo huo vipimo vya ardhini vilionyesha masika ya Afrika Mashariki yakipungua tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010. Wataalamu wenyewe huliita jambo hili fumbo, na sehemu ya fumbo yaweza kuwa ni ule mtikisiko wa bahari na anga ambao hauna sababu nyingine ila hali ya mwanzo. Kwa hiyo mtu akimwambia mzee wa Mohoro kwamba mwaka fulani, mwezi fulani, maji yatafika kizingitini pako, huyo anadanganya, hata akiwa na shahada tatu. Akimwambia kwamba hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, na hivyo mvua kubwa ikija itakuwa nzito kuliko ile ya baba yake, huyo anasema kweli.

Mzee huyo ana sababu zake za kusitasita. Mto unaomtoa nyumbani ndio unaomlisha. Maji yakishuka huacha udongo wenye rutuba na unyevu, na watu wa Rufiji hulima juu yake kilimo wakiitacho mlau. Wazee walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, ili wakae na mpunga wao hata bonde likiwa na maji. Mwaka 1968 mto ulifurika sana, na Serikali ikawahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya nchi ya juu. Hawakuacha kushuka bondeni kulima, maana huko juu udongo haukuwa ule. Kwa hiyo tunapowaita wakaidi, tukumbuke kwamba na wao wanafanya hesabu ya uwezekano: miaka ya mavuno upande huu, mwaka wa maafa upande ule.

Mohoro ina kumbukumbu nyingine inayonifanya niwe mwangalifu ninaposema habari za utabiri. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, yule mganga wa Ngarambe, tarehe 4 Agosti 1905. Watu walitoka mbali kuchukua maji yake, wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Sitamcheka hata kidogo. Aliwaunganisha watu waliokuwa wakilimishwa pamba kwa viboko, na taifa hili linamheshimu kwa haki. Lakini neno lenyewe halikuwa na huenda ndani yake. Lilikuwa neno kamili, na watu waliolibeba kifuani walikutana na bunduki. Kisha njaa iliyofuata vita ikaua wengi kuliko bunduki. Watu walioonewa hutamani neno kamili. Tunaohubiri tunalijua tamanio hilo, na wengine wetu tunaishi kwalo.

Basi nafika kwenye jambo ambalo nadhani makanisa yetu yanalikwepa. TMA ina ngazi tatu za onyo: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Chukua familia ya Mohoro inayosikia tahadhari redioni, tuseme uwezekano ni nne katika kumi. Wakihama na maji yasije, wamepoteza siku za palizi, wamelipa nauli ya boda boda au mtumbwi, nguruwe pori wameingia kwenye mpunga usio na mlinzi, na mbuzi wameuzwa kwa bei ya kutupa. Wakifanya hivyo mara mbili, mara ya tatu hawatahama, na hiyo ya tatu ndiyo itakayokuwa ya kweli. Sisi wa mjini tunasema hawana elimu. Mimi nasema wanalipa peke yao gharama ya onyo, wakati kuliamini onyo ni faida ya taifa zima. Mwenye mshahara hahitaji imani kubwa ili ahame. Anahitaji mafuta ya gari tu.

Angalia sadaka zetu zinavyokwenda. Mafuriko yakishatokea, picha zikishaonekana kwenye televisheni, tunachanga. Magodoro, mchele, sabuni, nguo ambazo nyingine hata sisi tusingezivaa. Ni vizuri, tusiache. Lakini shilingi ile ile, ikitolewa siku tano kabla, ingekodi boti, ingepandisha magunia ya mbegu kwenye ghala la juu, ingemlipa kijana wa kulinda mashamba, ingewafidia waliohama bure. Hakuna parokia wala usharika ninaoufahamu wenye mfuko wa namna hiyo. Tunao mfuko wa jengo, mfuko wa vyombo vya muziki, mfuko wa kumkaribisha askofu.

Mhubiri, sura ya 11, anashauri kugawia watu saba, hata wanane, kwa kuwa hujui ni baya gani litakuja duniani. Mistari miwili mbele anasema anayeukodolea macho upepo hatapanda. Na mbele kidogo anashauri kupanda asubuhi na jioni pia, maana hujui ipi itastawi. Mtu huyu hakuwa na kompyuta, lakini alijua kwamba kutojua si sababu ya kukunja mikono. Ni sababu ya kutawanya. Mkulima wa Rufiji mwenye kishamba bondeni na kishamba juu anamwelewa Mhubiri kuliko mimi.

Najua nitaulizwa: Mohoro walio wengi ni ndugu zetu Waislamu, mfuko wa kanisa unaingiaje? Unaingia kwa mlango wa mbele. Maji ya Aprili 2024 hayakuuliza dini ya mtu. Waumini wachache wa huko wakae na masheikh na watu wa msikiti, wapange pamoja nani atabeba wazee, ghala liwe wapi, nani ashike simu ya kupokea taarifa za TMA na kuzisoma kwa sauti kama zilivyo, bila kuongeza chumvi na bila kuondoa ile huenda. Kanisa la Dar es Salaam na Morogoro lilete fedha. Ni sisi tulio na taa usiku kwa maji ya mto huo.

Nitaulizwa tena: tutoe sadaka kwa jambo ambalo huenda lisitokee? Wahasibu wetu wa kanisa wataandika nini kwenye vitabu? Ninalo jibu moja, nalo liko Matendo ya Mitume sura ya 11. Nabii Agabo alisimama kanisani Antiokia akasema kutakuwa na njaa kubwa. Wanafunzi hawakungoja kuthibitisha. Kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake alitoa, wakapeleka kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Luka, aliyeandika miaka mingi baadaye, anatuambia kwamba njaa hiyo ilikuja kweli siku za Klaudio. Lakini siku ile bakuli lilipopitishwa, pale Antiokia chakula kilikuwepo sokoni, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameiona njaa.